Tope la banda linaunguza mimea: jinsi ya kujua kama ni amonia, na la kufanya

Kuanzia Usa River hadi Marangu utamsikia mfugaji akisifia tope la banda lake kwa harufu: likichoma pua ndiyo lina nguvu. Ukweli ni kwamba lilikuwa na nguvu. Kinachochoma pua ni amonia, na amonia ndiyo naitrojeni ileile unayoilipia kwenye mfuko wa urea, ila hii sasa iko hewani inaelekea kwa jirani. Ndiyo maana mtu akiniuliza aiondoe vipi amonia kwenye mbolea yake ya maji, humuuliza kwanza: unataka iondoke, au unataka iache kuunguza? Ukiiondoa umemwaga mbolea. Ukiituliza, inabaki na mimea inaila.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu mkojo wa ng'ombe wa ndani, tope linalotoka kwenye mtambo wa bayogesi, maji ya kuoshea banda la nguruwe, na samadi ya kuku iliyolowekwa. Anza na dalili unayoiona shambani kwako, usianze na dawa uliyoisikia kwa mwenzako.

Kwanza, amonia ina hali mbili

Ndani ya tope, naitrojeni hii huwa katika hali mbili. Moja ni amoniamu, ambayo imeyeyuka na kutulia kwenye maji, hainuki, na mizizi huifyonza. Ya pili ni amonia huru, ambayo ni gesi. Hiyo ndiyo inayotoka, inayowasha macho, inayounguza ncha za mizizi. Zinabadilishana muda wote, na mwamuzi ni pH pamoja na joto. pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini ya hapo ni kuchacha, juu ya hapo ni upande wa magadi na majivu.

Kwenye joto la nyuzi 25, tope lenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali ya gesi. pH ikifika 8 ni kama asilimia 5. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Joto nalo linasukuma: kwa pH 8 hiyohiyo, penye nyuzi 15 ni karibu asilimia 3, penye nyuzi 30 ni karibu asilimia 7 na nusu. Kwa hiyo pipa lililotulia kule juu Kibosho mwezi wa Julai linaweza kuchemka harufu likiletwa tambarare za Moshi mwezi wa Februari, na hakuna kilichoongezwa ndani.

Mkojo unapotoka kwa ng'ombe, naitrojeni yake nyingi bado ni urea, na urea hainuki. Kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia kiko kwa wingi kwenye kinyesi. Mkojo ukikutana na kinyesi sakafuni, ndani ya saa chache kazi imeanza, na pH inapanda yenyewe. Sakafu iliyoinama vizuri, yenye mfereji unaopeleka mkojo kwenye dumu lake peke yake, hukuokolea naitrojeni nyingi kuliko dawa yoyote utakayoweka baadaye.

Vipimo vya kufanya nyumbani kabla ya kugusa chochote

Karatasi za kupimia pH hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na ukizipata zitakusaidia. Usipozipata, nenda sokoni ununue kabichi ya zambarau. Ikatekate, ichemshe kwa maji kidogo, chuja. Lowesha vipande vya karatasi nyeupe isiyo na nakshi kwenye maji yale, vianike kivulini. Ukitaka kupima, lowesha kipande kwa maji ya mvua kidogo tu, kisha kining'inize juu ya tope ndani ya ndoo iliyofunikwa, kisiguse tope. Subiri kama dakika kumi. Kikibaki zambarau, gesi inayotoka ni kidogo. Kikigeuka buluu na baadaye kijani, amonia huru inatoka kwa wingi na hilo tope usilipeleke kwenye miche.

Sababu ya kutokigusisha ni kwamba tope lina rangi yake ya kahawia na litakudanganya. Hapa tunapima hewa, siyo tope.

Kipimo cha pili ni cha kujua kama bado kuna naitrojeni humo. Chukua nusu kikombe cha tope ambalo halinuki tena, tia kijiko cha majivu ya jikoni, koroga, nusa kwa mbali huku ukiipepea hewa kwa mkono kuelekea puani. Majivu yanapandisha pH, na sehemu kubwa ya amoniamu iliyokuwa imetulia inageuka gesi. Harufu ikiruka ghafla, mbolea yako ipo. Isiporuka, ujue kilichobaki ni maji ya rangi, au naitrojeni yake iko katika hali nyingine ambayo tutaigusa chini.

Cha tatu ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Tandaza kitambaa kwenye sahani tatu, weka mbegu 20 za figili au mchicha kwenye kila moja. Ya kwanza lowesha kwa maji ya mvua, ya pili kwa tope ulilolichanganya kama unavyotaka kulitumia, ya tatu kwa mchanganyiko huo ulioongezewa maji mara moja tena. Figili huota ndani ya siku tatu hadi tano. Tazama idadi iliyoota, kisha tazama kimzizi: kilicho cheupe chenye vinyweleo ni kizima, kilichosinyaa chenye ncha ya kahawia kimeungua. Mbegu haijui nadharia yako, inakuonyesha tu kama hayo maji yanaua.

Dalili: kingo za majani zimekauka siku moja au mbili baada ya kumwagilia

Hapa wengi wanakimbilia kusema ni amonia. Inawezekana. Lakini kuna washukiwa watatu, na tiba zao hazifanani.

Mshukiwa wa kwanza ni ukali wenyewe. Mkojo wa ng'ombe uliokaa, hata ukiwa kwenye dumu lililofungwa vizuri, unahitaji angalau maji mara tano, na kwa mboga changa mara kumi. Tope la bayogesi la ng'ombe ni jepesi zaidi. Sehemu moja ya tope kwa sehemu moja au mbili za maji hutosha kwa migomba na mahindi. Samadi ya kuku iliyolowekwa ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa ndege hatoi mkojo kando, vyote viko pamoja. Ukiona majani yamelowa madoa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kisha madoa yakawa ya kahawia au meupe, na jambo limetokea ndani ya siku moja, hasa ndani ya kitalu nyumba ambako hewa haitoki, hiyo ni gesi.

Mshukiwa wa pili ni chumvi. Mkojo na samadi ya kuku vina potasiamu, sodiamu na kloridi nyingi. Dalili yake huja polepole, huanzia ncha na kingo za majani ya zamani, na udongo ukikauka utaona unga mweupe juu yake. Chumvi haiondoki kwa kupuliza hewa, wala kwa kutia tindikali, wala kwa kuacha pipa wazi. Kadiri maji yanavyokauka ndivyo inavyozidi. Ukifanya kazi yote ya kuondoa amonia na majani yakaendelea kukauka, umemkamata mtu asiye na hatia. Tiba ya chumvi ni kupunguza dozi, kuachanisha siku za kuweka, na kumwagilia maji matupu katikati ili ishuke chini ya mizizi.

Mshukiwa wa tatu anasahaulika, na kwa upande wa Arusha ndiye ninayemshuku mapema: maji ya kuchanganyia. Maji mengi yanayotoka miteremko ya Mlima Meru, hasa upande wa Ngarenanyuki na tambarare zake, yana magadi. Watu wanayajua kwa floridi na meno ya kahawia, lakini kwa habari yetu floridi siyo mkosaji, ni bikaboneti ya sodiamu inayofuatana nayo. Huhitaji maabara kuyatambua. Yana utelezi mkononi, sabuni inatoa povu upesi, na waulize akina mama: ni maji gani yanaivisha maharage haraka? Hayohayo.

Sasa fanya hesabu. Una tope lenye pH 7.5, ambapo karibu asilimia 2 ya amonia ni gesi. Unalichanganya na maji mara kumi ukitegemea ukali ushuke mara kumi. Lakini maji yako ya magadi yanaipandisha pH hadi 8.5, ambapo asilimia 15 ni gesi. Umepunguza jumla mara kumi, umeongeza sehemu ya gesi zaidi ya mara saba. Faida uliyoitegemea imeliwa karibu yote, na juu yake umeongeza sodiamu shambani. Mkulima wa nyanya anaongeza maji, majani yanaendelea kuungua, anaongeza tena, na hatimaye anasema tope la bayogesi halifai.

Tiba yake ni rahisi ukiwa na bati: vuna maji ya mvua na uyatumie kuchanganyia tope tu, ya magadi yabaki kwa kazi nyingine. Wenzetu wa vihambani, yale mashamba ya migomba kuzunguka nyumba upande wa Kilimanjaro, wanaochota kwenye mifereji inayotoka msituni, hawana shida hii kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana kipimo kinachofanya kazi Machame kikinakiliwa kilivyo kwenda Ngarenanyuki kinaleta lawama.

Dalili: miche kitaluni inalala, mbegu hazioti

Miche haina uvumilivu wa amonia. Usihangaike kurekebisha tope kwa ajili yao. Tumia mboji iliyoiva, tope lisubiri mche uwe na majani manne au matano ya kweli shambani. Kama umeshamwaga, mwagilia maji matupu mengi na ufungue kitalu hewa ipite. Waliokwisha kunyauka shinani hawarudi.

Dalili: ukifungua pipa macho yanawasha na unakohoa

Hapa pH imepanda. Swali ni nani ameipandisha, na mara nyingi ni mwenye pipa mwenyewe. Kuna mazoea ya kutupia majivu au chokaa kwenye shimo la tope ili kukata harufu. Kwenye choo cha shimo majivu makavu yana kazi yake. Kwenye tope la maji yanafanya kinyume: yanaifukuza amonia yote itoke kwa mkupuo. Kwa siku mbili tatu panachoma vibaya, kisha panatulia, na mtu anaamini dawa imefanya kazi. Imefanya. Naitrojeni imekwisha.

Magadi wanayolambishwa ng'ombe nayo yakimwagika kila siku kwenye mfereji wa banda yanaleta jambo hilohilo, taratibu. Na samadi ya kuku ikizidi kwenye pipa la ng'ombe, pH inapanda bila msaada wa mtu.

Ili kuituliza, shusha pH. Wafugaji wakubwa wa Denmark hutia tindikali ya salfuriki kwenye tope mpaka pH ikaribie 5.5 au 6, kwa mitambo iliyofungwa na watu waliofundishwa. Usiige kwa tindikali ya betri. Inaunguza ngozi, inarusha povu, na ile ya betri iliyotumika ina madini ya risasi ambayo haitatoka shambani kwako tena.

Sisi tunatumia uchachu unaotengenezwa na bakteria. Molasi, ambayo huku Moshi haijawahi kuwa bidhaa ngeni kwa sababu ya kiwanda cha sukari cha TPC, ikiwekwa kwenye tope bakteria huila na kutoa tindikali. Maji ya mtindi, yale yanayobaki ukichuja, yana tindikali tayari na bakteria hai pamoja. Machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, nayo ni machachu na yana wanga uliobaki, kama ng'ombe hajayawahi. Mimi huchanganya molasi na maji ya mtindi, kwa kuwa molasi peke yake kwenye tope la baridi huchelewa kuanza.

Anza kwa ndoo moja ya lita 20, siyo pipa zima. Tia nusu lita ya molasi iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na lita moja ya maji ya mtindi, koroga, funika bila kukaza, na upime kwa karatasi ya kabichi kila siku. Acha robo ya ndoo tupu juu. Tope lina kaboneti, na tindikali ikizigusa hutoka hewa ya ukaa na povu zito la kahawia linalopanda kimyakimya. Ukiwa umejaza hadi mdomoni utalikuta sakafuni asubuhi, limepita chini ya mlango, na kuku wamekwisha kulikanyaga uwanja mzima. Karatasi ikiacha kugeuka kijani, umefika. Dozi ya pipa ipige kutokana na ile iliyokubali kwenye ndoo.

Jasi, ile inayochimbwa Makanya kule Same, ni msaada mwingine wa zamani. Inakutana na kaboneti ya amoniamu na kuigeuza kuwa salfeti ya amoniamu, ambayo haitoki hewani kirahisi. Inyunyize kwenye matandiko ya banda au kwenye lundo la samadi lenye hewa. Lakini kamwe usiitie kwenye shimo la tope lililofungwa, kwa sababu inayofuata hapa chini. Na mbolea ya Minjingu, ile ya mwamba wa fosfeti, ambayo wengine huitia kwenye pipa kwa kudhani fosfeti yoyote itashika amonia, haishushi pH. Mwamba wake una kaboneti. Ipeleke kwenye udongo mchachu, itafanya kazi nzuri huko.

Dalili: harufu ni ya mayai viza

Hiyo siyo amonia. Ni salfidi hidrojeni, na inaua. Hutengenezwa mahali tope limekosa hewa, na ikiwa kuna salfeti humo, kama ya jasi, huwa nyingi zaidi. Imenaswa ndani ya tope na hutoka kwa mkupuo unapokoroga. Ikiwa nyingi pua huacha kuisikia, kwa hiyo harufu kukatika ghafla siyo dalili ya usalama. Usiingie kwenye shimo la tope wala kwenye mtambo wa bayogesi uliofunguliwa, hata kuchukua ndoo iliyodondoka, hata kumtoa aliyeanguka humo. Wanaokufa kwa jinsi hiyo mara nyingi ni wawili au watatu, wa pili akimfuata wa kwanza. Koroga ukiwa nje, upande upepo unakotoka, watoto wakiwa mbali. Na usimwage jiki kwenye tope au mkojo kwa nia ya kusafisha. Inaungana na amonia na kutoa gesi nyingine ya sumu.

Dalili: natumia tope jingi, mahindi bado ya njano

Majani ya chini yakiwa ya njano kuanzia ncha na kufuata mshipa wa kati, mmea una njaa ya naitrojeni. Fanya kipimo cha majivu. Kikombe kikikaa kimya, tope lako lilipoteza mali yake kabla ya kufika shambani. Shimo wazi, lenye kina kifupi na uso mpana, chini ya jua la saa nane, ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza. Mkojo uliokaa wazi unaweza kumaliza nusu ya naitrojeni yake au zaidi. Hiyo ndiyo njia inayopendekezwa sana kwa anayetaka "kuondoa amonia", na inafanya kazi kweli. Swali ni kwa nini uliikusanya.

Funika. Kifuniko cha pipa, turubai lililogusa uso wa tope, au hata safu nene ya majani makavu na maranda yanayoelea, vyote vinapunguza. Tope la ng'ombe lenyewe likiachwa bila kukorogwa hutengeneza gamba juu. Usilivunje kila siku kwa kuchungulia.

Upotevu wa pili hutokea shambani. Kumwaga juu ya udongo mkavu saa sita mchana ni kazi bure. Chimba kijifereji cha sentimita 10 hadi 15, kando ya shina na siyo shinani, mimina jioni, fukia palepale. Udongo wenyewe ndiyo chombo bora cha kuishika amoniamu tulichonacho: udongo wetu wa volkano wenye mboji nyingi huikamata, na ndani ya siku hadi wiki chache bakteria wanaigeuza naitreti, ile hali nyingine ya naitrojeni ambayo mimea huila pia. Kwa mtu mwenye migomba na kahawa, kufukia ndiyo tiba nzima na hahitaji kusoma zaidi.

Dalili: nimeanza kutia samadi ya kuku kwenye mtambo wa bayogesi, gesi imepungua

Bakteria wanaotoa gesi nao wanadhurika na amonia. Naitrojeni ya amonia ikiwa gramu 1.5 hadi 3 kwa lita na pH imevuka kama 7.4, wanaanza kulegea. Ikivuka gramu 3 mtambo unaweza kusimama. Samadi ya kuku inakufikisha huko haraka. Acha kuiingiza kwa muda, lisha mtambo kinyesi cha ng'ombe na maji ya mvua, uvumilie. Ukirudi kwenye kuku, iwe sehemu ndogo, pamoja na kitu chenye kaboni kama machicha. Usitie chokaa. Chokaa ni tiba ya mtambo uliochacha, huu wako una ugonjwa wa upande wa pili. Mitambo ya kuba isiyohamishika, ile ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha hapa Arusha, iliisambaza tangu miaka ya 1980, iliwalenga wafugaji wa ng'ombe, na ina subira kubwa kwa kinyesi cha ng'ombe kuliko kwa kitu kingine.

Ujue pia kwamba tope linalotoka kwenye mtambo lina amoniamu nyingi kwa sehemu yake kuliko kinyesi kilichoingia, na pH yake iko juu kidogo. Ni mbolea ya haraka zaidi, na ndiyo maana inapotea haraka zaidi ikiachwa kwenye lile bwawa la kutokea bila kifuniko.

Dalili: nimepuliza hewa kwa pampu, harufu imeisha, sijui kama nimefanya vizuri

Inategemea umeanza na pH gani. Ukipuliza hewa kwenye tope la pH 8.5, unachofanya ni kuifukuza amonia itoke. Ukipuliza kwenye lililoshushwa hadi karibu 7, bakteria wapo na joto lipo, basi taratibu wanaigeuza amoniamu kuwa naitreti, ambayo hainuki, haitoki hewani na haichomi. Ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa wanaopitisha mbolea kwenye mabomba ya matone, na ndiyo inayohitaji uangalizi zaidi.

Bakteria hawa ni wavivu kuanza. Wape mbegu: gunia dogo la mboji iliyoiva au udongo wa chini ya migomba, lililoning'inizwa ndani ya pipa. Chuja tope kwanza, kwa kuwa vinyesi vilivyobaki vinakula oksijeni kabla yao. Kila kilo moja ya naitrojeni inataka takribani kilo 4.6 za oksijeni, kwa hiyo kipampu cha tangi la samaki kinatosha ndoo, hakitoshi pipa la lita 200. Kazi yao inatoa tindikali, pH itashuka yenyewe. Ikishuka chini ya 6 wanasimama, na hapo sasa, kwa mara ya kwanza katika maelezo haya yote, kijiko cha chokaa kinaruhusiwa. Kisha rudia kipimo cha majivu: safari hii kimya cha kikombe ni habari njema, mradi mbegu za figili zinaota na mahindi yanakuwa ya kijani. Naitreti husombwa na maji upesi, basi tope lililoiva hivi usilimwage wakati wa masika makubwa wala karibu na kisima.

Ukilazimika kuiondoa kabisa

Wapo wenye haki ya kutaka hivyo. Mfugaji wa nguruwe mwenye kiwanja kidogo pembezoni mwa mji, tope kila siku, hana shamba la kulipeleka. Kutia chokaa mpaka pH ifike 10.5 au 11 na kupuliza hewa kunaitoa, lakini majirani watakuja, na tope linalobaki lina chokaa nyingi isiyofaa kwa udongo wa magadi. Viwanda huipitisha gesi hiyo kwenye tindikali na kupata salfeti ya amonia, ile SA ya dukani. Kwa nyumba moja haina maana. Njia ya kutengeneza fuwele za magnesiamu na fosfeti inavutia kuisoma, ila kila kilo ya naitrojeni inataka kama kilo 1.7 za magnesiamu na kilo 2.2 za fosforasi, na hizo utazinunua.

Kwake yeye ningesema mboji. Lundo la maranda, pumba za mpunga kutoka Lower Moshi, mabua au majani makavu ya migomba, kisha tope linamwagiwa juu kidogo kidogo mpaka liwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Vijidudu vyenye njaa ya kaboni vinaikamata naitrojeni kabla haijatoka. Lundo likinuka amonia, kaboni haitoshi, ongeza maranda. Likikaa baridi na kavu, ongeza tope. Na tofauti na pipa, mboji unaweza kuiuza kwa gunia kwa mtu mwenye shamba.

Kule juu kwenye baridi

Wanaolima juu karibu na msitu, Kilimanjaro na Meru, hupata tatizo ambalo wa tambarare hawalijui. Miezi ya baridi, udongo ukiwa umelowa siku nyingi, bakteria wa kugeuza amoniamu wanapunguza kasi sana. Tope uliloweka Juni halijageuzwa, unaweka lingine Julai, na mizizi inakaa kwenye amoniamu iliyorundikana. Harufu hakuna, pH ni nzuri, karatasi ya kabichi haibadiliki, lakini mmea umedumaa na ncha za mizizi ni za kahawia. Usishushe pH wala usiongeze maji, udongo umeshajaa. Acha kuweka, chimba mitaro ya kutoa maji, na usubiri jua la Septemba. Tope la miezi hiyo lipeleke kwenye lundo la mboji, au ulifunike pipani likusubiri.